Namna ya Kubuni Mbabula Bila Kumsumbua Mama Anayeipikia

Hongera. Profesa amewagawa vikundi na kutangaza kwamba muhula huu TP, yaani kazi ya vitendo, si ya kunakili silabasi, ni ya mikono. Kikundi kimtafute mkaaji wa Likasi mwenye shida, kiielewe shida yake, kimtengenezee kifaa, kikijaribu pamoja naye, kikirekebishe, halafu kisimame mbele ya jopo la walimu na kujieleza. Wataalamu wanaiita kazi hii ubunifu unaomweka mtu mbele. Usitishike. Vikundi vingi vimejipatia alama nzuri bila huyo mtu kujua kwamba aliwekwa mbele ya kitu chochote, na njia yao ni rahisi kuifuata.

Chagua mbabula, lile jiko la makaa la bati. Kila kikundi huchagua mbabula, na si ajabu: ipo kila uani, haina mwenyewe wa kukushtaki, na kuikosoa hakuhitaji ujasiri. Mwanafunzi akikosoa namna maji machafu ya mgodi yanavyomwagwa mtoni, atapigiwa simu usiku. Akikosoa mbabula, atapigiwa makofi.

Ukurasa wa kwanza wa ripoti utajiandika wenyewe. Bwawa la Mwadingusha lilianza kutoa umeme mwaka 1930, la Koni likafuata mwaka 1950, yote mawili kwenye mto Lufira, upande wetu huu huu. Umeme huo ulitafutwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na kiwanda cha Shituru, kilichoanza kazi 1929, kiko hapa mjini. Karibu karne moja baadaye, mama wa Kikula, humu humu Likasi, anapepea makaa kwa mfuniko wa ndoo. Weka hapo na habari za msitu wa miombo unaokatwa, na picha ya kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa marefu kuliko yeye. Picha tu inatosha. Ukimsimamisha kijana mwenyewe atakueleza nani anakata, nani anachoma, nani anatoza pesa njiani, na gunia linafika sokoni kwa bei gani, na wewe ulitaka ukurasa mmoja.

Historia ya mji nayo itakuunga mkono, maana Likasi ina desturi ndefu ya kubuniwa na watu wasiolala humo. Mpaka mwaka 1966 iliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mkuu wa Société Générale ya Bruxelles. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya shaba ya Union Minière iliona kwamba kuleta wafanyakazi wapya kila mkataba unapokwisha ni hasara, ikaamua mtu akae kambini na mke na watoto. Basi ikampangia nyumba, ikampimia posho ya unga kwa juma, ikamwandalia hospitali na shule. Kila kitu kilipimwa kwa uangalifu mkubwa, ukubwa wa chumba na uzito wa mfuko wa unga. Aliyepaswa kulala chumbani na kuusonga ule unga hakuulizwa. Mabwana wale hawakuwa na vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani wala kompyuta, lakini njia yao ndiyo hii ninayokufundisha.

Baada ya hapo jifungieni na nadharia. Kuna mchoro wa almasi mbili uliotolewa na Design Council ya Uingereza miaka ya 2000: katika almasi ya kwanza mnapanua macho kuitafuta shida kisha mnaikaza, katika ya pili mnapanua mawazo ya kuitatua kisha mnachagua moja. Kuna kitabu cha mwongozo cha IDEO.org cha mwaka 2015. Kuna hata kiwango cha kimataifa, ISO 9241-210, kilichotolewa 2010 hasa kwa ajili ya mifumo ya kompyuta, kinachotaka watumiaji washirikishwe tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Vyote vitatu vinakubaliana kwamba mbunifu atoke nje akaangalie watu wanavyoishi. Visomeni kwa makini, ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Vikaratasi vya kubandika ukutani ni lazima. Vikikosekana madukani, mtu atumwe Lubumbashi. Ni kilomita 120 hivi, mbali kuliko Kikula, lakini huko hakuna mama wa kukukata kauli.

Kwa vikaratasi hivyo mtamuumba mtumiaji wenu. Mpeni jina, umri, idadi ya watoto na ndoto. Kikundi cha wavulana watano kikikaa usiku mmoja kinaweza kumuumba mama mkamilifu: ana miaka 35, ana simu ya kisasa, anajali mazingira, anapenda teknolojia, na jambo linalomkosesha usingizi ni ufanisi wa joto. Mama huyu ana faida nyingi. Hachoki, hadai nauli, hakuulizi kama umetumwa na mashirika, na kila mkibadilisha mchoro anaupenda zaidi.

Kama kikundi kina msichana, na msichana huyo amekuwa akipikia watu tisa nyumbani kwao tangu hajamaliza shule ya msingi, mpeni kazi ya kuandika ripoti kwenye kompyuta. Akijaribu kusema kitu kuhusu miguu ya jiko, mwambieni kwamba hatua hiyo imeshapita, sasa mko kwenye almasi ya pili. Yeye ndiye mtaalamu pekee mliye naye, kwa hiyo mkimwachia nafasi kazi itakwisha kwa siku mbili, na muhula una miezi.

Profesa atadai mahojiano. Basi nendeni, lakini asubuhi, vyombo vikiwa vimeoshwa na mbabula imepoa. Vaeni vizuri. Bebeni barua yenye muhuri, ili mama adhani mmetoka kwenye kodi, au simu ya kupigia picha, ili adhani mmeleta msaada. Mtu aliyedhani mojawapo ya hayo hujibu kwa adabu sana. Kisha ulizeni hivi: “Mama, ungependa mbabula inayokula makaa kidogo na kuivisha haraka?” Atasema ndiyo. Ulizeni majirani kumi, wote watasema ndiyo. Hayo ni asilimia mia, na asilimia mia inachorwa vizuri kwa duara la rangi. Swali la kuepuka ni lile la kijinga kabisa: “Jana mulikula nini, na mulikipika namna gani?” Likishatoka mdomoni, hamtaondoka hapo kabla ya saa moja kupita.

Na kwa vyovyote vile msifike jua likianza kushuka. Wakati huo mama anapika kweli, na utaona mambo yasiyo na nafasi katika jedwali lako. Utamwona akichagua makaa kwa vidole, mazito chini, mepesi yanayoshika upesi juu, na katikati kipande cha mfuko wa plastiki cha kuwashia (ndiyo, plastiki, usikunje uso, mletee njiti). Utamwona akiiburuta mbabula mpaka kona ya ukuta ambako upepo unapuliza vizuri, kona aliyoijua zamani kabla wewe hujasoma habari za hewa kupanda. Maji yakichemka, unga unaingia, na hapo ndipo kazi inapoanza. Bukari, ugali wa Katanga, inasongwa. Mama anashika sufuria kwa kitambaa, anakaza mguu kando ya mbabula, anainama, na mwiko unazunguka kwa nguvu ya bega zima. Mbabula inalia, inasogea, inainama upande mmoja, haipinduki. Ni nzito, ni fupi, ina tako pana. Mafundi wa bati wameifikisha hapo kwa miaka ya kusikia malalamiko ya wateja wanaojua nyumba yao ilipo.

Mbabula yako, ile nzuri ya kwenye kompyuta, ina miguu mitatu myembamba.

Ukiwa na bahati mbaya utamwonyesha mchoro. Ataugeuza, atautazama kwa heshima, kisha atakuambia: “Mutoto, hii haiko ya bukari. Hii iko ya chai.” Kikundi makini huchukua sentensi hiyo na kuiandika kwenye ripoti hivi: mtumiaji alionyesha kuvutiwa na uwezekano wa kuchemshia vinywaji.

Ukikaa zaidi utaharibikiwa kabisa. Bukari ikishashushwa, mbabula haizimwi. Viazi vitamu vinafukiwa pembeni. Maharage ya kesho yanawekwa juu, makaa yanafunikwa majivu ili moto utambae polepole. Vipande viwili vitatu vya makaa vinachotwa na kutiwa kwenye pasi, shati la shule linanyooshwa. Mbabula pana inaruhusu kuchota makaa bila kuinua sufuria, na yako ina mdomo mwembamba wa kubana joto. Umepunguza makaa kwa theluthi moja na umemnyima mama pasi. Yeye atapiga hesabu hiyo upesi kuliko wewe.

Hapa naweka mzaha kando. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiingia, wapo wanaoiingiza mbabula ndani na kufunga mlango ili wapate joto. Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, lakini yanatoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Kikundi kinachoandika kwenye bango lake kwamba jiko ni salama kwa kuwa halitoi moshi kinaweza kumzika mtu. Mbabula yoyote, ya zamani au yenu, isilale chumbani na watu. Andikeni hivyo kwenye bati lenyewe.

Turudi kwenye alama. Wazo la mwisho lichaguliwe kwa kigezo kimoja, kwamba linapendeza pichani. Mfano bora kabisa ni PlayPump, pampu ya maji iliyoanzia Afrika Kusini: watoto wanacheza kwenye bembea ya kuzunguka, bembea inasukuma maji kwenye tangi. Nani angekataa picha hiyo? Mwaka 2006, huko Marekani, mke wa rais, Laura Bush, alitangaza mpango wa dola milioni 16.4, na lengo likawekwa la pampu 4,000 kufikia 2010. Kisha watoto wakachoka, kama watoto wanavyochoka, na wanawake wazima wakabaki kuisukuma bembea wenyewe ili wapate ndoo ya maji. Mwaka 2009 mwandishi mmoja wa gazeti la Guardian alipiga hesabu akaona kwamba ili kutimiza mgawo wa maji uliokusudiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Hatimaye shirika lililoongoza mpango likakabidhi shughuli zake kwa wengine. Lakini picha bado zinapendeza.

Sasa kutengeneza. Hapa hamna ujanja, mtamhitaji fundi. Mpelekeeni mchoro uliochapwa kwa rangi na vipimo vya milimita. “Papa, tunataka kipenyo cha milimita 283.” Fundi atautazama, atapima kwa shubiri, kisha atauliza: “Sufuria gani itakaa hapo?” Mtatazamana. Hakuna aliyekuja na sufuria. Jioni hiyo semeni kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba mafundi wetu bado wako nyuma.

Kwa walioanza kuona haya hapo, kuna habari ya Nairobi, na naonya kwamba inauharibu mwongozo wangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakenya walitaka jiko la makaa linalobana joto. Wazo walilichukua Thailand, kwenye jiko la ndoo lenye udongo ndani, na miongoni mwa waliolifanyia kazi alikuwamo Maxwell Kinyanjui. Wangeweza kulileta kama lilivyo na kufanya sherehe. Badala yake jiko lilibadilishwa umbo: juu pana, kiuno chembamba, chini pana. Udongo uliochomwa ukawekwa nusu ya juu tu, hivyo jiko likawa jepesi kubeba bila kupoteza tako lake, na majivu yakapata pa kuangukia. Bati lilikatwa na mafundi wa jua kali, watu kama wale wa mtaa wa Shauri Moyo, kwa nyundo na mkasi wao wa kila siku, na udongo ukatoka kwa wafinyanzi. Fundi akijifunza anatengeneza, jirani yake anaiga, hakuna anayemshtaki mwenziwe. Umbo hilo limekwenda Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia, kila mahali likibadilika kidogo kufuata sufuria za huko.

Kwangu mimi jambo kubwa katika habari hiyo ni lile la nyundo na mkasi. Kifaa kilichomshinda fundi wa Kikula kukiiga ni kifaa kitakachokufa siku mtakayopewa alama. Lakini jopo haliendi Kikula, kwa hiyo msiwe na wasiwasi.

Majaribio yafanyieni maabara. Wataalamu wa majiko wana vipimo vya namna tatu. Kimoja ni cha kuchemsha maji na kupima makaa yaliyotumika. Kingine ni cha kupika chakula cha kawaida, na mpishi awe mtu anayekijua. Cha tatu ni cha kuliacha jiko majumbani na kupima matumizi ya familia siku hadi siku. Chagueni cha kwanza. Maji hayana mwiko, hayasukumi, hayalalamiki, na namba zake zinatoka safi. Kwamba watu wa Likasi hawashibi maji moto ni suala la kikundi cha mwakani. Kwa ajili ya kulinganisha, azimeni mbabula ya mama yule, muiweke kando ya yenu mezani, na muahidi kuirudisha kesho.

Kipimo cha tatu ni hatari, na hatari yake mnaibeba mfukoni. Mwaka 2005 kampuni za simu za Safaricom na Vodafone zilikuwa wakijaribu Kenya njia ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Wateja wa majaribio walipopewa njia hiyo wakaanza kufanya yao: huyu anamtumia mwenziwe pesa, yule anaweka ili asafiri bila noti mfukoni. Kikundi chenye nidhamu kingeandika kwamba watumiaji hawakufuata maelekezo. Kampuni hizo zikawafuata watumiaji, zikaiweka mikopo pembeni, na M-Pesa ikafunguliwa Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Iliingia Kongo 2012, na leo mchango wa kumlipa fundi wa TP yenu umepita huko huko. Sasa hebu fikirieni mkiiacha mbabula yenu kwa mama juma zima, mkarudi na kukuta ameing’oa miguu mitatu, ameikalisha juu ya rimu ya gari, na anaikaangia vitumbua vya kuuza. Mtairudiaje ripoti yote ikiwa imebaki siku moja?

Siku ya jopo, zungumzeni Kifaransa kirefu. Onyesheni almasi mbili, duara la asilimia mia, picha ya mama akitabasamu. Yule msichana aliyeandika ripoti apewe kubonyeza kitufe cha kubadilisha kurasa. Mwalimu mmoja, yule wa nyuma asiyesema sana, huenda akauliza kama kuna mtu aliyesonga bukari juu ya jiko hilo. Jibuni kwamba hilo limepangwa katika awamu ya pili. Msichana akinyanyua mkono, mwacheni aseme. Nimeshakubali kwamba kila mwongozo una upungufu wake, na huo ndio wa huu.

Mkishapewa alama zenu, mbabula mpya itawekwa juu ya kabati la idara, pamoja na za miaka iliyopita. Ile ya mama bado iko chini ya meza ya maabara. Ipakieni kwenye pikipiki mumrudishie leo, na kama mnapenda, kaeni mle. Tangu mlipoichukua amekuwa akipikia juu ya matofali matatu.